Mstari ndani ya mashini: namna Linux ilijifunza kupima kile inachoweka kwenye mstari

Bandugu, miaka mbili iliyopita nilipoteza kazi ambayo sikuwa bado nimeipata. Ilikuwa ni mahojiano kwa video, saa ine ya asubuhi, shirika moja lilikuwa linatafuta agronome wa kufuatilia mbegu za mihogo. Megabaiti nilikuwa nazo, vijiti vya rezo vyote vilikuwa vimesimama. Lakini jibu langu lilikuwa linawafikia nyuma ya sekunde tatu hivi. Tunaanza kuongea pamoja, tunanyamaza pamoja, tunaombana msamaha pamoja. Nyuma ya dakika kumi wakasema asante. Mule nyumbani mdogo wangu alikuwa anatumia shangazi video ya ndoa, kupitia modemu ileile yangu.

Rezo haikukatika hata mara moja. Njo kitu kilinisumbua: kama intaneti ilikuwa inapita, zile sekunde tatu zilikuwa zinalala wapi?

Zilikuwa zinalala kwenye mstari. Na historia ya ule mstari ni ndefu kuliko nilivyowaza.

Mwezi wa kumi 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, umbali usiofika hata mita 400, mwendo wa rezo ulianguka toka biti 32,000 kwa sekunde mpaka biti 40. Van Jacobson na Mike Karels walitafuta sababu. Dawa yao, ambayo Jacobson aliieleza mwaka 1988, inatumika mpaka leo: mashini inayotuma ikiona paketi imepotea, inajua njia imejaa, inapunguza mwendo. Ni kusema, kupotea kwa paketi ni habari. Ukizuia paketi zisipotee, mtumaji haambiwi kitu.

Na njo kile kilifanyika. Memwari ilishuka bei, watengenezaji wakaongeza akiba kila mahali, wakiwaza paketi iliyowekwa akiba ni paketi iliyookolewa. Mwaka 2010, Jim Gettys, injinia wa Bell Labs, alikuwa nyumbani kwake anatuma faili kubwa, akaona paketi ndogo ya majaribio inachukua zaidi ya sekunde moja kwenda na kurudi. Ile ugonjwa akaipa jina bufferbloat, uvimbe wa akiba. Alipochunguza, aliikuta ndani ya modemu, ndani ya Wi-Fi, na ndani ya Linux yenyewe.

Hapa inabidi niwapeleke kwenye mashini ya kusaga mihogo, juu mimi ni mtu wa mashamba. Inje kuna mstari wa wamama na mabeseni. Kule inje mtu anaweza kupanga: mama mwenye kilo mbili apite mbele ya yule mwenye magunia kumi. Lakini ndani, karibu na mashini, kuna chumba. Ukishaingia chumbani hakuna tena kupitana. Kama chumba ni kikubwa, watu wote wanaingia, inje hakubaki mtu wa kupanga, na mama wa kilo mbili anakaa nyuma ya magunia.

Kile chumba ni mstari wa karti ya rezo, ambao unashikwa na pilote, ile programu ndani ya kiini cha Linux inayoongea na kifaa. Ukubwa wake ulikuwa unawekwa mara moja, tuseme nafasi 256. Fanya hesabu: paketi 256 za baiti 1,500 ni baiti 384,000. Kwenye njia ya gigabiti moja kwa sekunde zinaisha kwa milisekunde tatu. Kwenye njia ya megabiti moja, ni sekunde tatu. Nafasi ni zilezile! Na paketi zikiwa za baiti 64 tu, zote pamoja ni baiti 16,384. Kwa hiyo kuhesabu paketi ni sawa na kuhesabu wamama bila kuangalia beseni na gunia.

Tom Herbert wa Google njo alileta dawa ya ile chumba. Inaitwa Byte Queue Limits, BQL kwa kifupi, iliingia katika Linux 3.3, mwezi wa tatu 2012. Pilote inasema vitu viwili paka: nimepokea baiti ngapi, na karti imemaliza baiti ngapi. Kiini kinafanya yaliyobaki. Kama mashini imebaki bure wakati mlango ulikuwa umefungiwa watu wanaongoja, kipimo kinapandishwa. Kama kila mara kunabaki magunia ya ziada chumbani, kipimo kinashushwa, lakini polepole, nyuma ya kuangalia kwa muda. Hakuna mtu anakuja kuandika namba. Kwangu hii inapita ufundi mwingine wote wa ile mwaka, hata kama haina sifa nyingi.

Juu bila hiyo, kile kilichofuata kisingefaa sana. Mwezi wa tano 2012, Kathleen Nichols na yuleyule Van Jacobson walileta CoDel, ambayo inaangalia muda paketi inakaa kwenye mstari: ikipita milisekunde 5 bila kushuka kwa milisekunde 100, inaanza kutupa. Eric Dumazet akaiunganisha na kugawa zamu, ikaitwa fq_codel, katika Linux 3.5. Ni yule mpangaji wa inje. Lakini anapanga nini kama wote wameshaingia ndani?

Kila pilote ilibidi iongezewe ile mistari michache ya kodi, na zingine zilichelewa. Wi-Fi ilikuwa ngumu zaidi, kazi kubwa ilifanyika 2016 na 2017, na watu kama Toke Høiland-Jørgensen na Dave Täht. Modemu za simu bado zinaweza kuwa na chumba chao wenyewe, mahali Linux haifiki. Nawaza sekunde zangu tatu zililala mule.

Nilijaribu tena juzi. Nilimwomba mdogo wangu atume video, mimi nikaandika ping kwenye ordinateri: bila video, milisekunde 70. Na video, 2,400. Mahojiano mengine ni siku ya ine. Nimeshamwambia siku ile asitume kitu mpaka saa sita.