Chama cha wakutubi na kanuni zisizosema Kiswahili

Maneno kitabu, maktaba, mkutubi, katibu na hata katiba yana mzizi mmoja wa Kiarabu, k-t-b, unaohusu kuandika. Ni ukoo mmoja. Ajabu ni kwamba wanaotunza vitabu katika kanda hii wana makatibu na katiba, ila katiba yenyewe wameizoea kwa Kiingereza.

Tuanze mbali kidogo. Mombasa ilikuwa na maktaba ya Seif bin Salim tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Nairobi ikapata McMillan mwaka wa 1931, nayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Mwafrika wa kawaida alianza kufikiwa na vitabu vya kuazima baada ya East African Literature Bureau kuundwa mwaka wa 1948. Bureau ilipeleka vitabu kwa masanduku, na vingine kwa posta.

Katika mazingira hayo ndipo Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki kilipoanzishwa mwaka wa 1956, kikijulikana kwa herufi EALA. (Msomaji asikichanganye na Bunge la Arusha, lililokuja kuzirithi herufi hizo hizo.) Kilikuwa chama kimoja kwa nchi tatu. Na kwa muda mambo yalikwenda vizuri: chuo cha kuwafunza wakutubi wa eneo zima kilifunguliwa Makerere mwaka wa 1963.

Lakini sheria zilianza kuvuta upande mwingine. Tanganyika ilitunga sheria yake ya maktaba mwaka wa 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Kila nchi ikawa na bodi yake, bajeti yake na waziri wake wa kusumbuliwa. Sasa chama cha nchi tatu kingemwendea waziri yupi? Kwanza yalikuja matawi ya kitaifa, na mapema miaka ya 1970 matawi yakawa vyama kamili. Wakutubi walitengana kabla Jumuiya yenyewe haijavunjika mwaka wa 1977. Sioni usaliti hapo, maana chama hufuata pesa na sheria zilipo.

Hawakukaa mbali kwa muda mrefu. Mwaka wa 1974 walikutana Dar es Salaam, wakiwa na wenzao wa Afrika ya Kati, na mkutano huo ndio uliozaa chombo kinachoitwa leo SCECSAL. Hebu tulichambue jina hili, maana historia yote imo humo. Mwanzoni lilitaja Mashariki na Kati pekee. Kusini ikaongezwa baadaye. Aidha, lilikuwa kongamano la wakutubi, yaani watu. Siku hizi ni kongamano la vyama vya maktaba na habari. Tofauti si ndogo. Anayejiunga sasa ni chama cha taifa, na mkutubi mmoja mmoja huingia kupitia chama chake. Chama cha kwako kikilala, nawe umelala.

Halafu kuna neno "kudumu". Ni Kongamano la Kudumu, ila kinachodumu ni mkutano wenyewe, sio ofisi. Hukutana kila baada ya miaka miwili, na chama mwenyeji ndicho kinachobeba kazi ya sekretarieti. Ilikuwa Nairobi mwaka wa 2012, Lilongwe 2014, Entebbe 2018. Chombo cha namna hii kinahitaji kitabu cha kanuni kuliko chama chenye jengo na karani wa miaka thelathini. Faili zikihama kutoka mji hadi mji, kitabu hicho ndicho kinachomwambia mgeni nani anatunza hazina, nani anateua mada, nani anamkabidhi nani na lini.

Nilikuwa kwetu Mghange, katika vilima vya Taita, tulipokaa kujadili chumba cha kusomea cha kijiji. Tuliletewa kanuni za kuiga, kurasa kumi na mbili za Kiingereza kizito. Mama mmoja, mweka hazina wa vyama vitatu vya akina mama, akauliza, "Hapa wanasema tukiwa wangapi ndio kikao kiwe halali?" Jibu lilikuwa ukurasa wa pili. Neno letu lipo, akidi, na analijua kuliko mimi. Vikao vyake havianzi bila hiyo.

Ndio maana nasema suala hili si la urembo wa lugha. Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 inataja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kaunti ikisinzia, watakaouliza ni kamati za Wundanyi, Werugha na Voi, wala sio wajumbe wa kongamano hotelini. Watauliza kwa kanuni gani, kama hazisomeki?

Wakutubi hawawezi kudai kwamba Kiswahili ni kigeni kwao. Jarida la chama cha Kenya liliitwa Maktaba, la Tanzania likaitwa Someni. Majina ya Kiswahili, makala ya Kiingereza! Nchi kadhaa za SCECSAL zimo pia SADC, iliyokifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka wa 2019. Istilahi tunazo: katiba kwa msingi usiobadilishwa ovyo, kanuni kwa utaratibu wa vikao, mwongozo kwa kazi za kila siku. Tafsiri ya kurasa hizo ni kazi ya mwezi mmoja kwa watu wawili, mkutubi na mwalimu wa Kiswahili. Na mweka hazina wa Mghange aisome kabla haijapigwa chapa.