Nani Mwenye Ukuta wa Matofali?

Mimi na wenzangu watatu tulipoandika mchezo mdogo wa kuvunja matofali na kuutoa kwa leseni huria, mmoja wetu aliuliza swali lililotunyamazisha: je, hatujaiba? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye historia.

Mchezo wa asili ni Breakout, uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka 1976. Haukuwa na programu hata kidogo. Ulikuwa saketi tupu. Hata rangi za matofali zilitokana na vipande vya plastiki ya rangi vilivyobandikwa juu ya kioo kilichoonyesha nyeusi na nyeupe tu. Steve Jobs alipewa kazi ya kuibuni saketi hiyo kwa chipu chache iwezekanavyo, akamwita rafiki yake Steve Wozniak, aliyeimaliza kwa siku nne karibu bila kulala. Kwa maelezo ya Wozniak mwenyewe, alipewa dola 350, akaambiwa hiyo ni nusu ya malipo. Habari za bonasi alizipata baada ya miaka. Na Atari haikuutumia mchoro wake! Baadaye aliuandika mchezo uleule kwa lugha ya BASIC katika Apple II, iliyotoka mwaka 1977, na amesimulia kwamba rangi na sauti za kompyuta ile aliziweka kwa ajili ya mchezo huo. Hapo ndipo tofali likawa maandishi, kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukisoma na kukirekebisha.

Kuhusu wizi, jibu nililipata mahakamani. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kuusajili Breakout, kwa hoja kwamba mistatili, mpira na rangi chache ni vitu vya kawaida mno. Kesi ikaitwa Atari dhidi ya Oman (Oman hapa ni jina la mkuu wa ofisi, si ile nchi ya Uarabuni). Mwaka 1992 mahakama ya rufaa, kwa kalamu ya jaji Ruth Bader Ginsburg, iliikataa hoja hiyo: mpangilio mzima wa picha na sauti lazima utazamwe kwa pamoja. Hata hivyo, sheria hiyohiyo hailindi wazo tupu la mpira unaovunja ukuta.

Basi tukarudi kwenye msimbo wetu. Wazo tulilibakiza. Safu nane za nyekundu, chungwa, kijani na njano, ambazo tulikuwa tumezinakili kama zilivyo, tulizifuta. Aliyeuliza swali ndiye aliyechora ukuta mpya.