Vitabu vya picha vyenye vina

Ni vitabu vya watoto vyenye mchoro na mistari mifupi inayoishia kwa silabi zinazofanana, hutumika kufundishia kusoma. Kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, mtoto anayelijua neno *paka* hubadili silabi ya kwanza tu akasoma *kaka* na *taka*. Asije akakariri bila kusoma, mwalimu huufunika mchoro na kumwonyesha neno kwa kidole. Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa mwaka 1991. Kwenye shule za msingi za serikali, stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) ndizo msingi wa madarasa ya awali. *Tazama pia:* Silabi, Vina.