Gari Lililozuiwa Yadini

Mwaka 1985, katika shauri la Uganda la Kiyimba Kaggwa dhidi ya Katende, Jaji Odoki alieleza kuwa lengo la zuio la muda ni kulinda hali iliyopo hadi kesi iamuliwe. Mizani yake, yaani dalili za kushinda, hasara isiyofidika kwa fedha na upande utakaoumia zaidi, ilifanana na ile ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973, shauri la Kenya lililohusu mfanyakazi wa zamani na ushindani wa biashara. Mahakama za Kampala, ikiwemo ya Biashara iliyoanzishwa 1996, zimeirithi mizani hiyo. Lakini kwa gari la kukodi lililonyang'anywa kwa madai ya malimbikizo ya kodi, kulinda hali iliyopo ni kulinda nini? Kiwanja kinachogombaniwa hakichakai kikingoja hukumu. Lori lililoegeshwa hupoteza betri, matairi na wateja.

Ndiyo maana naona amri ya kulirudisha kwa aliyelikodi kwa muda inatimiza lengo la Odoki zaidi kuliko minyororo ya yadi. Wapinzani husema, na si bure, kwamba kurudisha ni kutoa hukumu kabla ya ushahidi, na aliyelikodi anaweza kuuza vipuri vyake. Hoja ya pili ni nzito zaidi, ila dawa yake ni masharti: dhamana mahakamani, bima, malipo yaendelee, gari lisivuke mpaka. Ya kwanza husahau kwamba kuliacha mikononi mwa aliyelikamata nako ni kumpa upande mmoja ushindi.