Faili Langu na Miaka Yake

Daktari wa kwanza, Kakuma, aliandika tatizo la haiba, akataja na aina yake. Wa pili, hapa Lodwar, akaongeza alama ya kuuliza. Huyo ndiye ninayemwamini.

Kutupanga kwa mafungu kuna historia. Nairobi ilifungua hifadhi ya wendawazimu mwaka 1910, ndiyo hospitali ya Mathari ya leo. Kuanzia 1938 ilisimamiwa na daktari J. C. Carothers, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kilichofananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Bara zima, utambuzi mmoja! Mwaka uliofuata akawaandikia wakoloni kuhusu Mau Mau, akiueleza uasi kwa saikolojia zaidi kuliko ardhi.

Bibi yangu hakuwa na mafungu. Nilipovunja vyombo usiku, alipeleka mbuzi kwa emuron, mwaguzi wetu, asome matumbo. Walichotafuta ni nani kakosana na nani; aina yangu haikumhusu mtu. Sisemi nilipona. Mbuzi aliliwa.

Mwaka 1992, kambi ya Kakuma ilipoanzishwa, Shirika la Afya Duniani lilichapisha toleo la 10 la orodha yake ya magonjwa, haiba zikipangwa kwa aina. Toleo la 11, linalotumika tangu Januari 2022, limefuta karibu aina zote; kinachopimwa sasa ni uzito wa tatizo. Faili langu halijapata habari. Muuguzi akiniuliza mimi ni aina gani, namwambia aandike kwamba wiki hii nimelala vizuri na nimegombana na dada yangu.