Kinga ya kisheria kwa wafanyakazi (Migori na Homa Bay)

Katika kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza, nchini Kenya, kinga ya mfanyakazi hutegemea zaidi namna anavyolipwa kuliko uzito wa kazi yenyewe. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Utekelezaji umo hasa katika Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiriwa wa mwezi, tuseme karani wa kiwanda cha sukari cha Sony huko Awendo, ana siku 21 za likizo kwa mwaka, siku moja ya mapumziko kila wiki, na, akiwa mwanamke, likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo kamili. Hafutwi kwa kosa la kinidhamu kabla ya kusikilizwa.

Kibarua ni yule anayelipwa jioni, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mkupuo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamwinua: akifanya kazi mfululizo hadi siku zitimie mwezi, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, naye hustahili notisi ya siku 28.

Mkata miwa anayelipwa kwa tani hana ngazi hiyo. Malipo yakitegemea mizani ya kiwandani, lori likichelewa miwa hukauka shambani na kupungua uzito, na jasho la asubuhi hupotea hivyo hivyo. Mwaka 2017, katika kesi ya kampuni ya Krystalline Salt na wafanyakazi wa chumvi wa pwani, Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa kifungu cha 37 ni cha vibarua tu, si cha wanaolipwa kwa kiasi cha kazi. Uamuzi huo unawagusa pia wakata miwa wa Awendo na Ndhiwa, na ni pengo ambalo Bunge lingepaswa kuliziba. Hata hivyo, anayelipwa kwa kiasi lazima alipwe kila mwisho wa mwezi au kazi inapokamilika, lolote litakalotangulia.

Katika Ziwa Victoria, kuanzia Mbita hadi Muhuru, mvuvi wa omena hukesha na taa usiku usio na mbalamwezi. Kukicha, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha pesa hugawanywa kati ya mwenye boti na wavuvi wake. Kwa kuwa hapokei mshahara, ni vigumu kuthibitisha kwamba ameajiriwa. Sheria pia haiwahusu wategemezi wa mwajiri ikiwa wao pekee ndio wafanyakazi wa shughuli ya familia. Baadhi ya wanaoanika omena ufuoni huenda wamo katika kundi hilo.

Kinga ya watoto haitegemei namna ya malipo: katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike, kumtumia aliye chini ya miaka 18 kwa kazi ya hatari ni kosa la jinai.

Mkataba wa miezi 3 au zaidi lazima uandikwe. Mwajiri asipoutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake. Madai hufunguliwa ndani ya miaka 3, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Kisumu.