Walinzi wa Njia ya Mtakatifu Yakobo

Jubilei ni wakati wa kuhesabu miaka na kuwakumbuka waliotutangulia. Huko Santiago de Compostela, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, wanayo jubilei ya namna yao. Mwaka ambao siku kuu ya Mtume Yakobo, tarehe 25 Julai, yaangukia Jumapili, mwaka huo wote huitwa Mwaka Mtakatifu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1993, 1999, 2004, 2010 na 2021. Na mwaka 2027 umo katika hesabu hiyo. Watu huenda huko kwa miguu, na wengine husafiri mwezi mzima na zaidi.

Tumeona vema kuwaelezeni, walimu na wakristo wa parokia zetu, habari za njia hiyo. Hatutasema sana habari za kaburi la Mtume, kwa kuwa nyingi zimekwisha kuandikwa. Twataka kusema habari za wale waliomwonyesha msafiri mahali pa kupita, pa kunywa maji na pa kulala. Kaburi lilikaa mahali pake siku zote, lakini njia ilikaribia kufa, kisha ikafufuka. Na katika kufa kwake na kufufuka kwake limo fundisho.

Kaburi hilo lilitangazwa siku za Mfalme Alfonso wa Pili wa Asturias, aliyetawala tangu mwaka 791 hata 842. Askofu Theodemir wa Iria ndiye aliyesema kwamba mifupa iliyoonekana ni ya Mtume Yakobo. Habari ikaenea. Yapata mwaka 950 Askofu Godescalc wa Le Puy, katika nchi ya Ufaransa, alifika huko pamoja na wafuasi wake, naye ni mmoja wa wageni wa kwanza ambao majina yao yamehifadhiwa. Baada yake walikuja maelfu.

Basi, msafiri mgeni hana macho. Aweza kuwa na fedha, nguvu na imani, lakini asipoambiwa mto upi una maji mema, atakunywa ubaya. Kwa ajili hiyo, katikati ya karne ya 12, kiliandikwa kitabu ambacho sehemu yake ya tano ni maelekezo kwa mahujaji. Kitabu hicho chaitwa Codex Calixtinus, na wengi hudhani kwamba sehemu hiyo iliandikwa na padre Mfaransa, Aymeric Picaud. Mwandishi anataja njia nne zipitazo Ufaransa na kukutana Puente la Reina. Anahesabu vituo vya safari, anapambanua mito mizuri na mibaya, na kwa ajili ya wapitao nchi ya Wabaski anaandika hata maneno machache ya lugha yao, kama mkate, divai na maji, ili mgeni ajue kuomba chakula.

Anasimulia pia habari za kuhuzunisha. Karibu na Lorca walikuta mto wa maji ya chumvi, na kando yake watu wawili wamekaa wakinoa visu. Wageni wakauliza, Je, maji haya yafaa kwa farasi? Wakajibiwa kwamba yafaa. Farasi wawili wakanywa wakafa, nao wale watu wakawachuna ngozi papo hapo. Mahali pengine, asema, wavushaji walikuwa na mtumbwi wa gogo moja, wakaupakia watu kupita kiasi hata ukapinduka, wakafurahi kutwaa vyombo vya waliozama. Mwandishi huyu alikuwa mwepesi wa kulaumu makabila mazima, nasi hatumfuati katika hilo. Lakini alifahamu neno moja la kweli: anayejua njia ana mamlaka juu ya asiyejua. Aweza kumwokoa au kumwibia, kwa neno moja tu la kinywa chake.

Wema nao hawakukosekana. Kitabu kile kile chataja kwa majina watu waliotengeneza njia kati ya Rabanal na Portomarín kabla ya mwaka 1120, na miongoni mwao Petro aliyelijenga tena daraja la mto Miño lililokuwa limebomolewa. Dominiko, aliyekufa mwaka 1109, alikata njia msituni, akajenga daraja juu ya mto Oja na nyumba ya kupokea mahujaji. Mji uliokua mahali pale hata leo waitwa Santo Domingo de la Calzada, ndiyo kusema Mtakatifu Dominiko wa Barabara. Huko Roncesvalles, chini ya milima ya Pirenei, ilijengwa nyumba nyingine ya wageni katika karne ya 12. Na katika kilele cha Cebreiro, mwaka 1072, Mfalme Alfonso wa Sita aliwakabidhi watawa wa Aurillac nyumba ya kuwapokea wapitao katika theluji na ukungu.

Nyumba hizo zililishwa na mashamba. Wafalme na matajiri walitoa ardhi, na mazao yake yaliwalisha wageni. Huo ulikuwa uwezo wake, na ndio uliokuwa udhaifu wake pia. Baada ya karne ya 16 mahujaji walipungua kwa sababu ya vita na mafarakano ya Wakristo wa Ulaya. Mwaka 1589, kwa hofu ya meli za Waingereza, mifupa ya Mtume ilifichwa ndani ya kanisa, wala haikuonekana tena mpaka mwaka 1879. Na tangu mwaka 1835 serikali ya Hispania ilizifunga nyumba nyingi za watawa na kuuza ardhi yake. Shamba lilipokwenda, mkate ulikwenda; na mkate ulipokwenda, aliyefungua mlango naye aliondoka. Mwaka 1884 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alithibitisha habari ya mifupa iliyoonekana tena, lakini njia yenyewe ilikuwa imekwisha kumezwa na mashamba na magugu katika sehemu nyingi. Mawe ya madaraja yalibaki. Waliokosekana ni watu wa kusema, Pita hapa.

Ufufuko wake ulianza kwa watu wachache. Huko Paris chama cha marafiki wa Mtakatifu Yakobo kilianzishwa mwaka 1950, na huko Estella, katika Navarra, kingine mwaka 1962. Walichimba habari za kale, wakatafuta njia ilipopita. Lakini yupo mmoja ambaye jina lake hatuna budi kulitaja, naye ni Padre Elías Valiña Sampedro, aliyezaliwa mwaka 1929 na kuwa paroko wa Cebreiro tangu mwaka 1959. Parokia yake ilikuwa kijiji cha mlimani chenye nyumba za mawe za duara, zilizoezekwa kwa majani makavu, kama misonge ya kwetu. Hakuwa na mashamba ya mfalme. Alikuwa na elimu, maana aliandika utafiti mkubwa juu ya historia na sheria za njia hiyo. Alikuwa na miguu, na alikuwa na motokaa ndogo.

Mwaka 1984 Padre Valiña alipata rangi ya manjano iliyosalia katika kazi ya kuchora barabara. Akaichukua, akatoka nayo tangu milima ya Pirenei, akichora mishale juu ya miti, mawe na kuta, kila mahali ambapo njia hugawanyika na mgeni aweza kupotea. Husimuliwa kwamba askari walipomkuta na kumwuliza afanyalo, aliwajibu kwamba anatayarisha uvamizi mkubwa. Wakati ule neno hilo lilikuwa la mzaha, kwa kuwa mahujaji waliofika Santiago kwa mwaka hawakufika hata elfu chache.

Lakini Padre huyu alijua kwamba mshale mmoja hauwezi kumwambia mtu yote. Mshale hausemi kama nyumba ya mbele imefungwa, wala kama kisima kimekauka. Tena rangi hufutika, na mchoraji hufa. Kwa hiyo alitengeneza kitabu cha maelekezo ya njia, akatoa gazeti dogo tangu mwaka 1985, na akawaita watu wa kila mji ulio njiani waunde vyama vyao, kila chama kilinde kipande chake. Mwaka 1987 vyama hivyo vilikutana katika mkutano mkubwa huko Jaca. Mwaka huo huo Baraza la Ulaya liliitangaza njia hii kuwa ya kwanza kati ya njia za utamaduni za Ulaya. Padre Valiña alifariki Desemba 1989. Kazi haikufa naye, maana alikuwa ameigawa mapema mikononi mwa wengi.

Tutazame sasa jinsi kazi hiyo ifanywavyo. Huko Saint-Jean-Pied-de-Port, mji wa Ufaransa ambako wengi huanza safari ya kilomita 780 hivi, ipo ofisi ndogo ya watu wa kujitolea. Msafiri akiingia hupewa hati ya kugongwa mihuri njiani, orodha ya nyumba za kulala na karatasi ionyeshayo milima ya kupanda na ya kushuka. Huambiwa pia hali ya hewa. Tangu tarehe 1 Novemba hata 31 Machi njia ya juu mlimani imefungwa, kwa sababu ya watu waliopotea katika theluji. Msafiri huelekezwa kupita bondeni, Valcarlos. Waonyao hivyo wengi wao wamekwisha kuipita njia hiyo kwa miguu yao wenyewe.

Mbele zaidi, nyumba nyingi huangaliwa na watumishi wa kujitolea. Utaratibu huo ulianza mwaka 1990. Mtu aliyekwisha kufanya hija hufundishwa kwanza, kisha hutumika siku 15 bila mshahara: afagia, apika, atibu malengelenge, amwambia mgeni habari za kesho. Katika nyumba zilizo nyingi mgeni hulala usiku mmoja tu, labda awe mgonjwa, ili kitanda kimfae ajaye. Kwetu husemwa, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko hata siku ya pili haimo. Huko Rabanal del Camino chama cha Waingereza, kilichoanzishwa London mwaka 1983, kilitengeneza nyumba iliyokuwa gofu, ikafunguliwa mwaka 1991. Vyama vya namna hiyo vimeenea, hata Afrika ya Kusini kipo kimoja. Waliorudi huwaarifu wanaokwenda, na vitabu husahihishwa kwa habari zao. Hivyo mgeni wa leo ndiye mwalimu wa kesho.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mambo yote ni mema. Mwaka 2019 waliopokea cheti cha hija huko Santiago walipita 347,000, na mwaka 2023 walipita 440,000. Wengi huanza Sarria, kwa kuwa kilomita 100 za mwisho zatosha kupata cheti. Umati huleta fedha, na fedha huleta wafanya biashara. Twakiri kwamba biashara hiyo imewapa kazi watu wa vijiji vilivyokuwa vikihamwa. Lakini zile nyumba ambazo mgeni hutia sanduku kadiri awezavyo zina taabu, maana wengine hulala, hula, wala hawatii kitu, wakidhani kwamba sadaka maana yake ni bure. Zamani njia ilikaribia kufa kwa kukosa wageni na mkate. Safari hii yaweza kudhoofika wageni wakiwa tele, kama kila neno la kuelekeza litauzwa, na anayejua atarudi kuwa kama wale wanoaji visu wa Lorca.

Jambo hili si geni kwetu. Katika siku za misafara ya pwani na bara, kirangozi alitangulia mbele, na penye njia panda aliweka tawi juu ya njia isiyo yake, ili walio nyuma wasipotee. Hakuwaona wote waliomfuata. Tawi lilisema kwa niaba yake. Na hata leo, kila inapokaribia tarehe 3 Juni, mahujaji hutembea siku nyingi kwenda Namugongo, Uganda, mahali ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mwaka 1886. Hutoka pande zote za Uganda, na wengine Kenya na Tanzania. Njiani hupokelewa na parokia, hupewa maji na mahali pa kulaza kichwa.

Basi walimu, yaandikeni mnayoyajua. Ninyi mnajua kisima kipi hakikauki, daraja lipi halipitiki wakati wa masika, na nyumba ipi hufungua mlango usiku. Wafundisheni watoto kumwambia mgeni kweli, hata kama kweli hiyo haina faida kwao. Na anayeongoza kundi asikae na elimu ya njia peke yake, bali awape wenzake kipande kipande, kama alivyofanya paroko wa Cebreiro. Kuonyesha njia ni sadaka, na tena ni sadaka ambayo hata maskini wa mwisho katika parokia anayo mkononi mwake.